Wa Madoa na wa Milia

Wapo bundi wadogo wawili katika nchi yetu ya Singida, na mimi siwapendi wote wawili. Naanza hivyo ili mtu asije akanidhania mpenda ndege. Nawajua kama mtu anavyomjua jirani mbaya, hadi anavyokohoa. Nikisikia mtu anasema bundi ni bundi tu, hasira hunipanda mpaka leo, maana maneno hayo nusura yaninyang'anye mwanangu.

Mmoja ni wa madoa. Huyo ni wa mbugani, kwenye migunga iliyoachana. Ni mdogo, anaenea kiganjani, na amenyunyiziwa vidoa vyeupe kichwani, mgongoni, hata kwenye mkia. Kisogoni ana mabaka mawili meusi yaliyozungukwa na weupe, ukimtazama kwa nyuma unadhani bado anakutazama. Huonekana mchana kweupe, tena hulia mchana. Sauti yake ni mluzi unaoanza chini na kupanda, unapanda mpaka unaona kifua kitampasuka, kisha ananyamaza kidogo na kuiporomosha taratibu.

Mwingine ni wa milia. Huyo ni wa msitu wa Mgori, kwenye miti ya mininga na mitundu inayoshikana matawi. Amemzidi mwenzake mwili kidogo. Kichwa na kifua vina mistari myembamba ya kukata kwa upana, na mkia vilevile. Tumboni ana madoa machache, na hapo ndipo mtu mvivu wa kutazama huchanganyikiwa. Macho ya kisogoni hana. Na hapandishi sauti: huguruma tu kwa mkoromo wa namna moja, kru, kru, kru, mpaka achoke. Baba yangu alikuwa akisema mmoja anaimba na mwingine anakoroma.

Baba alikuwa na mizinga ya nyuki ndani ya msitu, magogo yaliyochongwa na kupachikwa juu ya miti. Mzinga ukikosa nyuki na kifuniko kikidondoka, bundi wa milia huingia akataga humo. Siku moja baba alipanda, akaingiza mkono, akamtoa ndege akipigapiga mdomo wake kwa hasira, akamshusha nimwone. "Hana ubaya huyu," alisema. "Ila ananuka." Nilimshika. Nilikuwa mtoto, nikaona ni jambo la kawaida, kama kumshika kuku. Nyumbani kwetu hakuna aliyenikataza, na hapo ndipo malezi yangu yalipoachana na malezi ya watu wengine.

Nilipoolewa nilishuka mbugani, upande wa Ikungi, kwenye nyumba ya tembe iliyojengwa karibu na mwamba. Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu alikuwa mtu mzuri kwa muda mfupi, mpaka kodi ilipomkaba akaenda kuchimba dhahabu Sekenke. Aliniacha na mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Aliniacha pia na mama yake.

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, na sitamsingizia sababu nzuri. Alitaka mwanawe aoe binti wa jirani yake, mwenye wazazi wa mbugani kama yeye. Mimi aliniita mtu wa msituni. Nikisonga ugali, ulikuwa ugali wa msituni. Nikichelewa kisimani, nilikuwa nimepotea kwa vile nimezoea miti. Nilikula maneno yake asubuhi na jioni, na mimi sikuwa mpole, nilimjibu. Nilimjibu kwa adabu ya nje tu, nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini nilimjibu. Tulichukiana kwa bidii, na nyumba ile ilikuwa ndogo.

Mtoto alikuwa ameshaanza kusema sawasawa wakati bundi alipokuja kukaa kwenye mgunga uliokuwa nyuma ya zizi. Alikuwa wa madoa. Nilimtambua kwa mluzi kabla hata sijamwona. Alilia saa za kuchunga, jua likiwa juu, na ndege wadogo walimzonga wakimpigia kelele kutoka kila tawi.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama. Akatema mate pembeni, akaugeuzia mti mgongo.

"Ndugu yako amekuja kukutembelea," aliniambia. "Mpelekee kigoda akae."

"Huyo si wa kwetu, mama. Wa kwetu hapandishi sauti hivyo."

"Kumbe unaijua sauti ya wa kwenu."

Nilidhani nimemshinda. Niliendelea na kazi yangu nikiwa nimefurahi.

Lazima nieleze imani ya nyumba ile, maana bila hiyo mtu hatanielewa. Waliamini kwamba bundi ana kwao. Aliyezaliwa mbugani, akilia mchana ni njaa yake tu, hana jambo na mtu. Lakini bundi akitoka msituni akaja kukaa mbugani, huyo ametumwa, na aliyemtuma ni mtu aliyetoka naye huko. Basi ungedhani watu wenye imani hiyo wangejua kumtofautisha huyu na yule. Hata kidogo. Kwao mtu mwema akimwona bundi hugeuza uso, hutema mate, huenda zake. Kumtazama ni mwiko. Kumgusa ndiyo usiseme. Kwa hiyo walikuwa na hukumu iliyotegemea rangi ya ndege, na hawakuwa na mtu mmoja aliyewahi kumtazama ndege mwenyewe. Nikifikiria jambo hilo hata sasa natamani kuvunja chungu.

Vifaranga vilianza kupotea. Bundi wa madoa ni jambazi, huchukua hata ndege wanaomkaribia ukubwa, kwa hiyo sikushangaa. Mama mkwe aliokota manyoya chini ya mgunga, akayaweka mlangoni kwangu. Niliyafagia. Kesho yake akayaweka tena.

Kisha wifi yangu, binti wa mwisho wa nyumba ile aliyekuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, mimba ikamharibikia. Nilimpikia uji. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanishukuru, na nilipogeuka akamwagia mbwa. Nilimwona. Yeye sikumchukia, alikuwa analia hata alipokuwa anamwaga. Niliyemchukia ni mama yake, aliyekaa kando akitikisa kichwa kama mtu aliyeshuhudia jambo alilolingoja.

Toka siku hiyo watu waliacha kuingia kwangu. Wanawake tuliokuwa tukipura mtama pamoja walianza kumaliza kabla sijafika. Mtoto wangu akicheza na wenzake, mama zao waliwaita wakale, hata kama chakula hakijaiva.

Mama mkwe alituma ujumbe Sekenke mwanawe arudi, na akamwita kaka wa marehemu mume wake, mzee aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Wala hakunificha alichokitaka. Alikuja kuniambia akiwa amesimama, mimi nimepiga magoti nasaga.

"Utarudi msituni kwenu," alisema. "Mtoto atabaki. Mtoto ni wa huku."

Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, mtoto alikuwa wa ukoo wa baba yake, na mwanamke aliyefukuzwa kwa uchawi haulizwi anachotaka. Jumbe wa eneo lile angesema hivyo hivyo. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikuwa mbali mjini, na sheria yake ilikataza kumwita mtu mchawi, lakini haikuwa na habari na mtoto anayelala mgongoni kwa mama yake. Nilimtazama yule mwanamke, nikaona namna atakavyomlea binti yangu: atamfundisha kunitemea mate.

Nilikuwa na silaha moja tu, nayo niliiamini. Nilijua ndege yule ni wa mbugani. Nilijiambia, hawa watu wana imani yao, basi nitawashinda kwa imani yao wenyewe.

Walikutana asubuhi, uani. Mzee wa ukoo alikaa kwenye kigoda cha miguu mitatu. Nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

Akageuza uso. Wengine walipomwamkia aliitikia marahaba, mmoja mmoja, kwa sauti ya kutosha ili nisikie. Mume wangu alikuwa amefika jana yake, amevaa viatu alivyonunua machimboni. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mpita njia. Alikaa karibu na mama yake, akavitazama viatu vyake, na muda wote ule hakuvichoka.

Mama mkwe akaeleza. Manyoya, vifaranga, mimba. Alieleza vizuri, alikuwa na kipaji. Alipofika kwenye ule msemo wake wa mtu wa msituni, bundi akalia juu ya mgunga, mluzi unapanda na kupanda, na watu wote wakageuza nyuso.

"Mnaona?" akasema. "Anamwita."

Hapo nikasimama. Mwanamke hakupaswa kusimama, lakini nilikuwa nimeshaonwa mbaya kiasi cha kutosha.

"Baba," nilimwambia mzee, "ninyi mnasema bundi wa mbugani hana neno. Huyu ni wa mbugani. Mpigeni, mleteni hapa. Kifua chake kikiwa na milia, ni wa kwetu, na mimi nitaondoka mwenyewe. Kikiwa hakina milia, ni wenu, na huyu mama aniombe radhi mbele ya watu."

Mzee alifikiri sana. Nadhani alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya akili yake, na hilo linaniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mwovu. Akamwambia mume wangu achukue upinde. Mume wangu alikwenda, akalenga kwa pembe ya jicho, na mshale wa kwanza ulipita mbali. Uliofuata ulimpata. Ndege alianguka kwenye vumbi la zizi, akatulia.

Na hapo ikaonekana kwamba hakuna wa kumwokota. Mume wangu alirudi nyuma. Wanaume walitazamana. Mmoja alipendekeza wamsukume kwa fimbo, lakini hakuna aliyetaka kuitoa fimbo yake. Wanawake walikuwa wamejifunika vichwa kwa kaniki. Walimtaka ndege aje uani, na ndege haji mwenyewe akiwa amekufa.

Nilikwenda nikamwokota.

Nilimshika kama baba alivyonifundisha, vidole viwili chini ya mbawa, mwili ukiegemea kiganja. Alikuwa bado ana joto. Nikamleta mbele ya mzee, nikamgeuza.

"Tazama, baba. Michirizi hii ya kifuani inashuka chini, haikati kwa upana. Madoa, mpaka kichwani. Wa kwetu kichwa chake kina mistari." Nikautandaza mkia. "Madoa tena. Wa kwetu mkia una milia." Nikamlaza kifudifudi na kumfunua kisogo. "Na haya macho ya uongo, wa kwetu hana. Huyu amezaliwa hapa. Babu zake wamezaliwa hapa. Huyu ni mtu wa mbugani kuliko ninyi nyote."

Nilisema kwa raha. Sitaficha. Nilikuwa nimeubeba ule uchungu kwa miaka, na sasa niliutua miguuni pao. Nilimtazama mama mkwe nikingoja aombe radhi.

Hakuna aliyekuwa anamtazama ndege. Walikuwa wanatazama mkono wangu.

"Tumeona," akasema mzee polepole.

"Mmeona kwamba ni wa kwenu."

"Tumeona unavyomshika."

  Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake kwa mara ya kwanza, akanitazama, na nikaona ananiogopa. Mwanamume niliyezaa naye. Wifi alianza kulia upya, ndani, kwa sauti. Mzee akauliza nani alinifundisha kumfunua bundi kisogo. Nikasema baba yangu. Akauliza, na yeye alifundishwa na nani. Nikataka kueleza habari za mizinga na asali, nikaona midomo yao inavyobana, nikaacha. Kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa linanizika zaidi.

Basi hukumu ikatoka. Nirudi kwetu siku hiyo hiyo, jua likiwa bado liko. Mtoto abaki.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitambaa kiunoni, kidole mdomoni. Mama mkwe alinyoosha mkono, akamshika mkono wa juu, pale penye nyama, akamvuta kwake. Mtoto aliniita. Nilikuwa bado nimemshika ndege.

Sikufikiri. Watu husema walifikiri, mimi sikufikiri. Hasira ndiyo iliyosema, na ilisema kwa akili kuliko mimi.

"Haya," nilisema. "Nimeshindwa. Mmenijua." Nikamwinua yule ndege juu kidogo, kichwa chake kikaning'inia. "Huyu wa madoa nilisema si wangu, na kweli si wangu. Mmemuua wa kwenu kwa mkono wenu. Wangu ni wa milia. Huyo bado hajaja. Yuko Mgori, ananingoja, na kila mahali alipo mwanangu anapajua. Mtoto akilala hapa leo, atakuja kumtafuta. Na yeye halii kwa kupanda na kushuka ili mjue amefika. Anakoroma tu taratibu, kru, kru, mtadhani ni mzee amelala."

Nilimtazama mama mkwe peke yake niliposema hayo, na nilikoroma kama bundi wa milia, sawasawa kabisa, kama nilivyozoea kufanya utotoni kumchekesha baba.

Aliuachia mkono wa mtoto kama aliyeshika kaa la moto.

 Nilimweka ndege kwenye kigoda ambacho mzee alikuwa amekwisha kukikimbia, nikamfuata mtoto wangu, nikamfunga mgongoni kwa kaniki yangu. Sikuchukua chungu wala jembe. Nilipita katikati yao, wakanipisha pande zote mbili, watu wazima, wanaume wenye mikuki nyumbani. Nilipofika nje nilicheka kwa nguvu ili wanisikie. Nilitaka wasilale.

Njia ya Mgori ni ndefu, na tuliigawa kwa kulala kwenye nyumba za watu. Mtoto mgongoni hakulala. Kwa kawaida alikuwa akijilegeza, kichwa kikigonga bega langu. Siku ile alikaa amekakamaa kama ubao, mikono yake hainishiki. Nilidhani ni njaa. Nikasimama kwenye kivuli, nikamshusha, nikampa kipande cha kiporo tulichopewa na mwanamke mmoja njiani. Hakula.

"Mama," akasema.

"Nini, mama yangu?"

"Usimwite."

"Nisimwite nani?"

"Wa milia."

Nilimwambia kwamba mama alikuwa anawatisha wale watu wabaya. Nikamwambia ni ndege tu, anakula panzi na mijusi. Alitikisa kichwa akikubali, upesi upesi, kwa namna ile mtoto anavyomkubalia mtu anayemwogopa.

Kwetu walitupokea. Hakuna aliyekuja kumdai mtoto, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, na mume wangu nilisikia ameoa yule binti wa jirani. Nawatakia walichostahili. Baba yangu, nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtazama mtoto, akaacha kucheka. Wakati wa kukagua mizinga ulipofika alimchukua mjukuu wake mpaka ukingoni mwa msitu, mimi nikiwa nyuma yao. Akapanda kwenye mzinga mtupu, akashuka na bundi wa milia mkononi, kama alivyonifanyia mimi. Alitaka mtoto amshike, yaishe.

Mtoto alipiga kelele ambazo sijazisikia tena. Nilimnyooshea mikono. Alinipita, akakimbia njia yote mpaka nyumbani kwa bibi yake, mama yangu.

Sijutii. Waniulizao kama najuta huwajibu hivyo, tena kwa ukali, na wakiuliza tena nawafukuza. Ningemwacha, angelelewa na yule mwanamke. Nilitaka mwanangu na nilimpata. Amekua mikononi mwangu, nimemwozesha, amenizalia wajukuu, na sasa mimi ni mzee nakaa kwake. Ananitunza vizuri, ananipa chakula kabla ya watoto wake, hajawahi kunijibu vibaya.

Nyumba yake iko pale ambapo msitu unaishia na mbuga inaanza, kwa hiyo tunawasikia wote wawili. Wa madoa akipiga mluzi wake mchana, binti yangu huendelea na kazi. Wa milia akianza kukoroma jioni, huacha alichoshika. Watu wengine wakisikia bundi huutazama mti. Yeye hunitazama mimi kwanza, usoni, na huendelea kunitazama mpaka ndege anyamaze.